Kitenge chenye Sura ya Mkuu

Mwalimu Aurelia Kapinga akitaka kukukatalia jambo, hakwambii hapana. Anakuuliza swali, anakusubiri ujibu, na ukishajibu unajikuta hapana umeitamka wewe mwenyewe. Nimekaa naye meza moja ya ofisi ya walimu kwa miaka, mimi na Biolojia yangu, yeye na Sanaa yake, na nimeona watu wengi wakinaswa hivyo. Mimi nilinaswa wiki ileile niliyohamia Songea kutoka Tunduru. Nilimpelekea karatasi kubwa nikamwomba anichoree moyo wa binadamu niuning'inize darasani.

Akaniangalia kwa upole. "Mwalimu Zena," akasema, "mtihani wa Biolojia utafanya wewe au watoto?"

Nikasema watoto.

"Basi niletee watoto."

Niliondoka nimevimba. Lakini niliwapeleka, na akawafundisha kuchora moyo mpaka na vali zake. Tangu hapo sijanunua chati dukani, na watoto wangu wakiulizwa damu inapita wapi wanachora kabla hawajajibu.

Walimu wengine pale shuleni hawakumwona hivyo. Kwao Sanaa ilikuwa kazi ya kuandika bango la mahafali na kufunga mapambo jukwaani mgeni rasmi akija. Mtu wa kusimamia mtihani akikosekana, utasikia, "Mchukueni Mama Rangi, yeye hana kipindi cha maana." Walimwita hivyo mbele yake, wakicheka, na yeye akawa anaitikia. Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika kwa niaba yake, na nikikasirika huwa sifichi. Yeye alikuwa hana muda huo.

Alizaliwa Mbinga, kwenye ile milima ambayo Wamatengo wanailima kwa ngolo. Kama hujaona ngolo, ni hivi: mwanaume anafyeka majani na kuyalaza mistari inayokatana mlima mzima, kisha wanawake wanachimba udongo katikati ya mistari na kuyafukia majani. Panabaki shimo, halafu tuta, halafu shimo, mpaka kileleni. Mvua ikinyesha maji yanatuama mashimoni na udongo hauendi kokote. Aurelia alichimba mashimo hayo pamoja na mama yake tangu akiwa hajafikia kimo cha mpini wa jembe. Anasema huko ndiko alikosoma somo lake la kwanza la Sanaa, ingawa siku hizo alijua ni adhabu tu.

Baba yake, mkulima wa kahawa, alitaka awe nesi. Alipochagua chuo cha ualimu chenye Sanaa, mzee alinuna mpaka kahawa ikavunwa, ikakauka na ikauzwa. Aurelia akapangiwa shule yetu, akafika na begi lake, akaambiwa hapa hatuna hilo somo, fundisha Kiswahili. Akafundisha Kiswahili. Jumamosi akawa anakaa barazani na watoto waliotaka kuchora, wakawa wachache, wakaongezeka, mpaka mkuu wa wakati ule akachoka kuwaona barazani kwake akawapa stoo ya majembe. Hivyo ndivyo Sanaa ilivyoingia kwenye ratiba ya shule yetu. Hakuna aliyeileta. Ilikaa barazani ikakataa kuondoka.

Humo stoo alifundisha kwa vitu alivyookota. Udongo mwekundu ulikuwa nyuma ya bwalo, mweupe aliubeba kutoka kijitoni karibu na anakopanga, Matogoro. Mkaa aliomba kwa wapishi. Mihuri ya kupigia chapa vitambaa watoto waliichonga kwenye nyayo za kandambili zilizokatika. Na alipofika kwenye somo la kurudia umbo, aliwachorea ngolo ubaoni. Shimo moja, aliwaambia, ni shimo tu, mtu atatumbukia. Yapange mengi kwa nafasi sawa, uone kama kuna mtu atapita bila kugeuka.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata kwa mtoto anayelia: kitambaa hakihukumiwi mezani. Ukishakibuni, mtu akivae mbele ya darasa, atembee, ainame, akae. Kuna binti alibuni samaki wazuri sana, mezani kila mtu akapiga makofi. Mwenzake alipokivaa, samaki wote wakawa wamelala chali. Binti aliona aibu, akageuza muhuri wake, na hakurudia kosa hilo tena.

Sasa nije kwa Mkuu wetu, Mwalimu Pankrasi Haule. Nisimsingizie, si mtu mbaya. Amejenga madarasa, amechimba kisima, anamjua kila mtoto kwa jina la ukoo. Tatizo lake ni kwamba hajawahi kuona maana ya kitu kisichokuwa na kazi inayoonekana kwa macho. Wazazi wetu wanachangia mahindi ya chakula cha mchana, na mwaka uliotangulia mahindi yalilundikwa kwenye korido yakaliwa na fukusi. Watoto wakala ugali wenye unga mchungu. Mkuu alizunguka shule nzima akitafuta pa kuyaweka, jicho lake likatua kwenye stoo ya Aurelia.

Kwenye kikao cha walimu akatangaza kwamba mwakani kidato cha tatu hakitachagua Sanaa. Wanafunzi wake ni wachache, chumba kinahitajika, na suala hilo litapelekwa kwenye kikao cha wazazi likapitishwe.

Aurelia akanyoosha mkono. "Mkuu, unachotaka ni chumba?"

"Ndiyo, mwalimu. Chumba."

"Chumba chukua leo. Nitarudi barazani. Sasa kwenye kufuta somo, mahindi yanapata nini?"

Watu wakacheka chinichini. Mkuu akakunja uso, akasema somo lisilo na chumba si somo, na wazazi ndio watakaosema. Nilijua wazazi watasema nini. Ukimwuliza mzazi achague kati ya chakula cha mwanawe na michoro, umeshamjibia.

Ila kikao hichohicho cha wazazi kilikuwa na jambo jingine. Shule ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na jubilei bila kitenge maalumu kwetu haijawa jubilei. Parokia ina chake, kwaya ina chake, hata vikundi vya kina mama vina vyao. Aurelia akaomba wanafunzi wake wakibuni. Wazazi wakikikataa, alisema, atafuta ubao wake mwenyewe na kufundisha Kiswahili bila kulalamika. Mkuu akakubali haraka. Aurelia na watoto wake wakipeleka kitu chao mbele ya wazazi, alidhani, watakuwa wamejimaliza wenyewe.

Watoto wakabuni ngolo. Mashimo ya kahawia, matuta ya kijani, na kila baada ya safu kadhaa ua jeupe la kahawa. Sijui niseme nini zaidi. Nilikishika kile kipande cha mfano nikataka kukikata palepale nishone gauni.

Mkuu alikitazama akiwa amesimama mlangoni. "Mashimo," akasema. "Wageni wasafiri mpaka hapa waje kutazama mashimo?" Kisha akaeleza anachotaka: duara kubwa katikati ya kitambaa, ndani yake sura yake, chini jina lake, na pembeni maneno Miaka Hamsini. "Mkinifanyia hivyo vizuri," akasema akishusha sauti, "na mimi si mtu wa kusahau."

Tulimwelewa wote. Mwalimu Calvin, anayeshughulika na taaluma, alimfuata Aurelia mezani kwetu mchana ule akamwambia kwa nia njema kabisa, "Dada, mpe sura yake uokoe somo. Sura ni rangi tu."

"Nikimpa ili niokoe somo," Aurelia akasema, "Jumatatu nikiingia darasani nafundisha nini?"

Calvin akaenda kunywa chai. Mimi nikamwambia Aurelia asimpe kitu, amtolee uvivu mbele ya watu, na kama anaogopa nitamtolea mimi. Kuna watoto pale waliokuwa wakisubiri kidato cha tatu tu waingie stoo ile, na mtu mmoja alitaka wamlipie kwa kumvaa. Aurelia akaniambia, "Zena, tulia. Tunamfanyia anachotaka." Nikamwona kama amesalimu amri.

Akarudi kwa Mkuu. "Tutakifanya kama ulivyosema," akamwambia. "Ila Mkuu, umeshamwona mtu amekivaa?"

"Nitamwona siku ya sherehe."

"Darasani kwangu kitambaa kinavaliwa kabla ya kupitishwa. Ukiruhusu, avae mzazi mmoja mbele ya kikao."

Mkuu alifurahi. Alisema hilo ni wazo zuri, liwe ajenda ya kwanza.

Kazi ya kuchora sura ile alimpa Fortunata wa kidato cha pili, binti mkimya wa mtaa wa Lizaboni ambaye kila akiachwa na kalamu utakuta pua ya mtu pembeni ya daftari. "Mchore alivyo," Aurelia akamwambia. "Usimpendelee na usimwonee." Binti akawa anasimama mstari wa mbele asubuhi akimtazama Mkuu anavyotoa matangazo. Kisha akachora kwa brashi, katikati ya kitambaa cheupe cha marekani, duara lilelile, jina lilelile, maneno yaleyale. Alipomaliza nilirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa ni yeye. Miwani imeshuka puani, jicho la kushoto limebana kidogo kama anapokuuliza kwa nini umechelewa, na kile kitabasamu anachokificha akisikia matokeo mazuri. Nilishangaa kwamba mtoto alikuwa amekiona. Mimi nilimfanyia kazi miaka yote ile na sikuwahi kumtazama hivyo.

Mama yake Fortunata, nimtaje mapema maana kila kitu kilimwangukia yeye, ana duka mtaani Lizaboni na ndiye mwenyekiti wa kina mama wa wazazi. Ni mwanamke mnene, mwenye heshima zake, ambaye akisimama kanisani kusoma matangazo watoto wanaacha kulia. Hakuwa rafiki wa Aurelia hata kidogo. Aliwahi kuja shuleni na sketi ya binti yake iliyojaa udongo, akaiweka mezani kwetu akasema, "Mimi nilimleta huyu asome, sikumleta afinyange." Na alikuwa ameshatangaza dukani kwake kwamba kikaoni atasimama upande wa mahindi. Fortunata alimficha mama yake kila alichochora.

Siku ya kikao bwalo lilijaa. Wanafunzi wachache walikuwa wakigawa maji, Fortunata akiwa mmojawapo. Mkuu aliketi meza ya mbele amevaa suti. Alifungua kikao, akamkaribisha Aurelia na kitambaa chake.

Aurelia hakuhutubia. Aliomba mama mmoja akijaribu, na kina mama wakamsukuma mwenyekiti wao. Mama Fortunata akaja mbele, akakinyoosha kile kitambaa watu wakione. Bwalo likapiga makofi. "Ni yeye kabisa," akasema mzee mmoja. Mkuu akainamisha kichwa akitabasamu.

Kisha Mama Fortunata akajifunga juu ya gauni lake, kama wanawake wote wanavyojifunga. Alikizungusha kwa nyuma, akashika ncha mbili kwa mbele, akapiga fundo. Mkuu, aliyekuwa mbele yake, akaona kitambaa cheupe tu.

"Mama, tembea kidogo tuone," Aurelia akasema.

Akatembea. Alipoielekea meza ya mbele, mgongo ukiwa kwa wazazi, mabenchi yakaguna. Mkuu Pankrasi Haule, Miaka Hamsini, alikuwa anapanda na kushuka kwa kila hatua ya mama yule. Kuna mtu alikohoa. Mkuu mwenyewe akaona wengine wanavyotazama, lakini hakujua wanatazama nini mpaka mama alipogeuka kurudi kitini kwake.

"Asante mama," Aurelia akasema. "Sasa kaa tuendelee."

Mama Fortunata akaufikia kiti, akainama, mkono ukamwenda nyuma kulainisha kitambaa kama mtu anavyofanya akitaka kukaa. Akasita. Akajinyoosha.

"Mwalimu, mimi hapa sikai."

"Kwa nini, mama?"

"Unaniuliza kwa nini? Mkuu yuko nyuma yangu."

Bwalo likapasuka kwa kicheko. Mkuu alikuwa amekwisha kuona, na shingo yake ilikuwa imevimba juu ya kola. "Kaa tu, mama," akasema. "Hiyo ni picha."

Mama Fortunata hakucheka. "Mkuu, picha ingekuwa mbaya ningekaa. Ningesema ni mtu yeyote. Huyu ni wewe, mpaka na hilo jicho. Mimi nina adabu zangu, nikukalie mbele ya watu?" Akamgeukia Aurelia. "Nani amechora hii? Wewe?"

"Muulize huyo mwenye jagi la maji."

Mama akageuka. Fortunata alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameshika jagi kwa mikono yote miwili, anatazama sakafu.

"Wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Peke yako?"

"Ndiyo, mama."

Mama alijishika kiunoni, akakizungusha kitambaa mpaka sura ikaja upande wake, akaiangalia, akamwangalia mwanawe, akairudisha nyuma ilikokuwa.

Mkuu akasimama. "Hii ni dharau," akasema. "Mwalimu Kapinga, umenidharau mbele ya wazazi."

"Mkuu," Aurelia akasema kwa sauti ileile aliyoniulizia mimi habari za moyo, "mchoro una dharau?"

Mkuu akatazama. Nadhani alitaka sana kuiona dharau ile. Mama Fortunata akageuka polepole ili aone vizuri. "Hapana," akasema Mkuu.

"Ulisema katikati. Haiko katikati?"

"Iko."

"Mahali hapo nilichagua mimi?"

"Hapana," akasema Mkuu, na akakaa.

Nilitaka kupanda juu ya benchi. Nilikaa kwa sababu wanafunzi wangu waliokuwa wakigawa maji walikuwa wakinitazama.

Mkuu akafuta miwani yake, akavuta karatasi. Alikuwa mtu mzima, alijua kuondoka kwenye shimo. "Basi. Kitenge kiwe kile cha ngolo. Tumemaliza. Mama, vua hicho kitambaa ukae, twende ajenda inayofuata."

Vidole vya Mama Fortunata vilikuwa vimeshashika fundo. Vikatulia pale. "Ajenda inayofuata ni ipi?"

"Ghala la mahindi, na kuondoa somo la Sanaa kidato cha tatu. Wewe mwenyewe unaijua."

"Naijua." Akaachia fundo. "Basi hiyo tutaijadili nimesimama hivihivi. Siwezi kukaa, mmeona wenyewe."

"Mama, vua tu."

"Mkuu, mahindi nina duka, nitayahifadhi nyuma ya duka langu mpaka mpate ghala, na wenye nafasi watanisaidia. Mahindi yana pa kwenda. Huyu," akanyoosha kidole dirishani bila kugeuka, "huyu mwakani nimpeleke wapi?"

Mkuu akasema suala hilo lina utaratibu wake. Mama Fortunata akasema sawa, atausubiri utaratibu akiwa amesimama. Mama mmoja wa benchi la pili akasimama, akasema haiwezekani mwenyekiti asimame sisi tumekaa. Wenzake wakasimama. Kisha wanaume, mmoja mmoja, wengine wakiwa hawajui vizuri wanasimamia nini ila wakiona aibu kubaki wamekaa. Mimi nilikuwa nimeshasimama kitambo. Calvin akasimama, chai yake mkononi. Bwalo zima likawa limesimama, Mama Fortunata akawageukia, na Mkuu peke yake ndiye aliyekaa, akiitazama ile sura yake kiunoni kwa mama yule ikimtazama kwa jicho la kushoto.

"Kaeni," akasema.

"Somo?" akauliza Mama Fortunata.

"Lipo. Kaeni."

"Kidato cha tatu, mwakani?"

"Lipo, mama. Nimesema lipo."

Ndipo akafungua fundo. Alikikunja kile kitambaa taratibu, sura ikiwa ndani, akaenda nacho mpaka meza ya mbele, akapiga goti kidogo na kumkabidhi Mkuu kwa mikono miwili. Akarudi, akakaa. Bwalo zima likakaa.

Mkuu alitafuta pa kukiweka. Meza ilikuwa imejaa makabrasha, na kitini alikuwa amekaa mwenyewe. Akakiweka mapajani, akaendelea na kikao mpaka mwisho akiwa amejipakata.